Mashine Iliyolazimishwa Kula

Siku mliyoniaga pale chuoni mlinipa kanga mbili na sufuria, na kila aliyesimama alisema Mama Kulwa alitutunza kwa chai. Ahsanteni. Chai niliipika kweli. Lakini niliporudi nyumbani Buswelu nilikaa na hasira mpaka mjukuu wangu akaniuliza kama naumwa. Hakuna hata mmoja aliyetaja habari ya mashine. Ninyi vijana mnaobaki pale siwalaumu, hamuijui. Waliokuwepo wengine wamekufa, wengine wamehama, na mmoja anajua na amenyamaza. Basi nimechukua daftari naandika mwenyewe. Nilisoma mpaka darasa la nne, herufi zangu ni kubwa na hazikai kwenye mstari. Majina ndiyo sikosei.

Mshahara siutaji, hauna cha kusimulia. Cheo sikupata. Niliingia mhudumu, nikatoka mhudumu.

Kabla ya chuo nilikuwa napika chai ya mafundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Ulikuwa wakati wa ruksa, miaka ya tisini inaanza. Tukaambiwa sasa viwanda vijiendeshe vyenyewe. Chetu kikashindwa kujiendesha, tukapangwa mstari, tukapunguzwa. Huku sisi tunafungiwa geti, mjini Mwanza kila wiki kunafunguliwa kitu: duka la mitumba, duka la video, na ghorofani nyuma ya soko, chuo cha kompyuta. Watu walipanda zile ngazi kuja kuzitazama kompyuta tu kupitia dirishani, kisha wanashuka.

Aliyenifundisha kazi ni Bibi Veronika Ng'wandu, marehemu sasa. Alikuwa mhudumu wa kwanza wa chuo na alikuwa anajiandaa kurudi kwao Magu. Siku yangu ya kwanza hakunisalimu mpaka nilipovua viatu. Enzi hizo hakuna aliyeingia na viatu chumba cha kompyuta, awe mwanafunzi, awe mkuu wa mkoa. Viatu vinapangwa mlangoni kama msibani. Akanionyesha dekio linavyokamuliwa, akanionyesha vitambaa vya kufunikia mashine tulivyovishona wenyewe, na akanieleza habari ya wadudu wa ziwani. Mnawajua, wale wanaopanda kutoka majini kama moshi. Wanafuata mwanga wa vioo, wanakufa juu ya kioo na katikati ya vitufe, na usipowatoa mapema wananuka samaki. Vitufe unavisafisha kwa brashi ya rangi, kavu. Kioo unakifuta kwa tambara lililokamuliwa mpaka hata ulikamue kwa meno lisitoe tone, na mashine iwe imezimwa. Nililishika hilo tangu siku hiyo hadi siku mliyoniaga, na nalisema mapema kwa sababu ndilo nililokuja kuzuliwa.

Mkuu wa chuo alikuwa Bwana Elikana Magesa, mtu wa Musoma, suti mbili na kalamu tatu mfukoni. Mwalimu wa programu alikuwa Faustine Masalu, kijana wa Nyegezi aliyesoma ng'ambo akarudi na ubao wa chesi na vipande vyake ndani ya mfuko wa kitambaa. Kurudi nao sawa, lakini acheze na nani? Mjini hapa watu walikuwa wanacheza drafti. Mchana umeme ukikatika, na ulikuwa unakatika, alikuwa akipanga vipande kwenye benchi la kordo anacheza na nafsi yake, anahama upande huu anahamia ule. Siku moja nikamwambia mimi naijua drafti. Akacheka kidogo, kile kicheko cha adabu.

Drafti niliijulia Sengerema kwa kaka yangu Shija Lufunga, fundi baiskeli. Mwanamke hakai kwenye drafti. Mimi nilimpelekea chakula cha mchana kibandani, na nilitakiwa nisubiri sahani. Nilisubiri sahani nimesimama nyuma yake miaka mitano. Mwalimu Faustine nilimfunga mara tatu mfululizo kwa visoda, vile vizibo vya soda tunavyochezea drafti, akaacha kucheka, akanifundisha chesi. Mfalme ndiye anayelindwa. Malkia anakwenda anakotaka. Ngome inakwenda mstari mnyoofu, farasi anaruka, askari wako mbele wanatembea polepole. Nikaijua. Kumfunga yeye sikuweza, lakini nilimchelewesha.

Wakati huo alikuwa anaandika programu ya kucheza chesi. Haikuwa kazi ya chuo, ilikuwa mapenzi yake. Akimaliza vipindi anakaa kwenye kompyuta ya kona, anaandika, anacheza nayo, anaguna. Nikiwa nafunika mashine nyingine nilikuwa natazama. Na mashine ile ilikuwa na ujinga mmoja uliokuwa unaniudhi. Farasi wake anatishiwa, imwondoe haimwondoi. Inamwacha aliwe, halafu inachezesha kitu kingine kabisa, kama mtu ambaye nyumba inaungua naye anachana nywele.

Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza vizuri, hilo simnyimi. Alisema mashine inahesabu hatua tatu: yangu, yako, yangu. Baada ya hapo inasimama na kuhesabu vipande, nani anavyo vingi. Kwa hiyo ilikuwa inaona hivi: nitacheza kitu chochote, wewe utakula farasi wangu, mimi kwa malkia nitakula ngome yako. Ngome ni kubwa kuliko farasi. Faida. Hapo inafunga hesabu. Haioni kwamba ile ngome ina mlinzi, na malkia akishakula tu, naye analiwa.

Nikamwambia, mwalimu, hakuna mchezaji anayeacha kuhesabu katikati ya kula. Shija akianza kuhesabu visoda vinavyoliwa, anahesabu mpaka ubao utulie. Hata umwite kwa jina hageuki. Ubao ukishatulia ndiyo anatazama nani kabaki na nini. Nikamwambia fanya hivyo. Hatua tatu zikiisha, kama bado kuna cha kula, endelea, lakini fuata kula tu, mambo mengine yaache, mpaka pasiwe na cha kula tena.

Akachukua karatasi. Kisha akaniuliza, "Na kama mtu hataki kula, mama?"

Nikamjibu, "Hakuna kutaka. Kula ni lazima."

Mnaojua drafti mnanielewa. Kisoda kikikaa pa kuliwa, unakula, upende usipende, na ndiyo utamu wa mchezo wenyewe. Unamwekea mwenzio chakula makusudi, analazimika kula, akila anakufungulia njia. Nilikuwa nimeishi na sheria hiyo tangu usichana. Nilimjibu kama mtu anayeulizwa kama maji yanalowesha.

Siku mbili akawa ameandika. Farasi sasa hakuachwa. Mashine ilikuwa inamwondoa kabla hajaguswa, na mwalimu alipiga makofi peke yake chumba kizima, akaniita, akasema nitawaambia watu kwamba hii ni ya Mama Kulwa. Nilimsikia kwa masikio yangu haya mawili.

Basi habari ikamfikia Bwana Magesa kwamba chuoni kwake kuna mashine inacheza chesi, na wiki hiyo alikuwa anatarajia wageni. Walikuwa wakubwa wa kampuni moja ya Dar waliokuwa wanatafuta mahali pa kufundishia wafanyakazi wao wa Kanda ya Ziwa. Wageni ni Alhamisi. Akaamua mashine icheze mbele yao, na Jumanne akaitisha majaribio. Akamleta Dokta Projest, Mhaya mmoja mpole aliyeijua chesi tangu shuleni. Walimu wote wamevua viatu, wamezunguka.

Mashine ikaanza vizuri. Halafu ikashikwa na wazimu mwingine, mpya. Ikawa inawatoa askari waliomkinga mfalme wake, mmoja mmoja, inawapeleka kusimama mbele ya malkia wa Dokta, kila mmoja na mlinzi wake nyuma. Dokta anamtazama askari, anaona ana mlinzi, anamwacha, anacheza kwingine. Mashine inaleta mwingine. Dokta anamwacha naye. Punde mfalme akabaki uchi. Dokta akamfunga, akavua miwani, akasema kwa upole kwamba labda mashine imechoka. Watu wakacheka, na Bwana Magesa akageuka kutafuta wa kumtazama. Akaniona mimi mlangoni na ndoo. Asubuhi ile wadudu walikuwa wengi, nilikuwa nimefuta vioo vyote.

Akasema, "Ni huyu. Huyu mama anaziogesha mashine."

Hakuniuliza. Hakulishika tambara kuona kama lina maji. Saa nane mchana Dada Anastazia Mugeta, karani, alinikabidhi barua aliyoipiga chapa mwenyewe huku akiangalia pembeni, maana tulikuwa tunasali jumuiya moja. Barua ilisema nimeharibu programu ya kompyuta kwa uzembe wa kumwaga maji, na kazi yangu inakoma Ijumaa. Ilikuwa na namba na imeshaingizwa kwenye rejista. Nilitakiwa niweke sahihi kwamba nimepokea na nimekubali kosa. Nikasema kupokea nimepokea, kukubali sikubali, sahihi siweki. Nikakatazwa kuingia chumba cha kompyuta. Nibaki na ngazi, kordo na chai hadi Ijumaa.

Fikirini ilivyokuwa. Kila kiwanda kinapunguza watu, wanawake kama mimi tumejaa barabarani tunatafuta kufagia. Ofisi zote mpya mjini zinanunua kompyuta, na zote zinaogopa kompyuta kama yai. Nani angemchukua mhudumu aliyetoka na barua inayosema anaua kompyuta kwa maji? Hiyo barua ingenifungia mlango wa kila ofisi kutoka Mkuyuni mpaka Kirumba.

Na kilichonichoma zaidi hakikuwa Bwana Magesa. Yeye hakujua kitu, alijua kuvaa tai. Kilichonichoma ni Mwalimu Faustine. Jamani, maji yakiingia kwenye mashine yanaizima. Yanaiunguza. Hayaifundishi ujinga. Hakuna maji yanayoweza kumtoa askari mbele ya mfalme, na mwalimu wa programu analijua hilo kuliko mimi. Alikuwa amesimama pale karibu kuliko wote. Akatazama soksi zake.

Jumatano umeme ulikatika mapema. Nikatoka jikoni na trei, nikamkuta kwenye benchi la kordo amepanga ubao, anarudia mchezo wa Dokta hatua kwa hatua kutoka kwenye karatasi. Akasema shikamoo bila kuinua uso. Nikasema marahaba, kwa sababu salamu haina kosa. Nilitaka kuweka kikombe nipite. Lakini nikajikuta nimesimama nyuma yake, pale pale nilipozoea kusimama kwa Shija, na nikamwona yule askari wa kwanza, ametoka kwa mfalme wake, amekwenda kusimama mbele ya malkia wa watu.

Nikamuuliza, "Huyu kaja kufanya nini hapa?"

"Sijui, mama. Imeona faida, na mimi siioni."

"Amekuja kuliwa," nikasema. "Shija angemweka hapo hapo. Anamtegea mwenzie. Malkia akila, mlinzi anamla malkia."

"Lakini malkia hawezi kula. Nani mjinga wa kula hapo?"

"Mashine inadhani atakula. Inadhani hana njia nyingine."

Akainua kichwa. Tukatazamana. Nikaona kitu kinapita usoni mwake, na bila shaka usoni mwangu kilikuwa kimeshapita. Akasema polepole, "Mama, wewe ndiye uliniambia kula ni lazima."

Nilikaa kwenye benchi. Chai yake nikainywa mimi.

Ni kweli nilimwambia. Mimi na mdomo wangu. Tuliichukua sheria ya drafti tukaitia ndani ya chesi, na hakuna kati yetu aliyejiuliza, yeye kwa sababu nilimjibu kwa uhakika, mimi kwa sababu sikuwahi kucheza mchezo ambao mtu anaweza kukataa kula. Mashine ilikuwa inacheza drafti kwa vipande vya chesi. Inawaweka askari wake waliwe, inangoja, na Dokta anakataa.

Nikafikiri. Mgeni akikaribishwa chakula, hashikwi mkono akalishwa. Anatazama sahani, anatazama tumbo lake, anasema nimeshiba. Nikamwambia mwalimu, kila zamu ya kula, kabla hujamhesabia mtu amekula, muulize kwanza: ulivyo sasa hivi, umeshiba? Kama hali aliyonayo ni bora kuliko atakayokuwa nayo akila, mwache akae, hesabu iishie hapo. Kama kula kunamfaa, ale. Na umuulize kila mmoja kwa zamu yake, mashine na mwenzie, mpaka wote waseme wameshiba. Huo ndio utulivu wa ubao. Mimi nilidhani utulivu ni chakula kuisha. Kumbe ni watu kutosheka.

Umeme uliporudi saa nane aliandika. Ilikuwa mistari michache, sehemu ile akaiita NIMESHIBA. Mimi nilisimama kizingitini, maana ndani nimekatazwa. Akaurudia mchezo wa Dokta. Wale askari safari hii walibaki kwao, na mfalme nyuma yao. Mwalimu aliruka kama mtoto. Nikamwambia vizuri, sasa tupande kwa Bwana Magesa.

Akasita. Akasema, "Tungoje wageni waondoke, mama. Nikimwambia leo kwamba nilikuwa nimekosea, ataahirisha maonyesho."

"Wageni wanaondoka Alhamisi jioni. Mimi naondoka Ijumaa."

"Ijumaa asubuhi nitamwambia. Naapa."

Nikamwambia kiapo akiweke. Kesho nitakuwa nimeshika trei katikati ya hao wageni, na nitamuuliza kwa sauti, mwalimu, hebu tueleze maji yangu yaliifundishaje mashine kumwacha mfalme. Akanitazama kama nitaweza kweli. Nadhani aliona kwamba nitaweza. Akavaa viatu.

Ofisini alieleza yote, kwa sauti ndogo, lakini aliyaeleza. Maji hayahusiki. Programu ilikuwa na kosa. Kosa lilitoka kwenye ushauri wa huyu mama, na dawa yake imetoka kwake huyo huyo. Bwana Magesa alisikiliza huku anafungua na kufunga kalamu. Akasema, "Kwa hiyo ni kweli mfagizi ndiye aliyeiharibu. Ila kwa mdomo."

"Ndiyo," nikasema. "Kwa mdomo. Andika hivyo."

Akaniambia nisimletee utani. Kazini nitabaki, kwa kuwa mashine imepona. Lakini barua ina namba na iko kwenye rejista, haiwezi kupotea, kwa hiyo atafuta yale maneno ya kukoma kazi, ibaki onyo. Nikasema onyo la maji? Akasema la maji. Nikasema lakini umeambiwa sasa hivi hakuna maji. Akajibu kama mtu anayemwelewesha mtoto, "Sasa wewe unataka faili la serikali lisome nini? Mkuu wa chuo amemwonya mhudumu kwa kushauri programu?" Na chuo chenyewe wala hakikuwa cha serikali.

Alhamisi wageni walikuja. Mmoja, mama mmoja mnene mwenye miwani ya mnyororo, aliijua chesi, akacheza na mashine muda mrefu mpaka wakatoka sare. Alifurahi sana. Akauliza imewezaje kujua mahali pa kuacha kula. Mimi nilikuwa namimina chai, hatua mbili kutoka hapo. Mwalimu Faustine alinitazama. Kisha akasema ni utafiti tulioufanya hapa chuoni. Tulioufanya, sisi nani? Sikumwaga chai, ingawa mkono ulitaka. Mwalimu huyo leo ni mtu mkubwa Dar, na nasikia anafundisha watu kusema ukweli kuhusu makosa ya programu. Heri yake.

Ijumaa asubuhi Dada Anastazia aliniletea barua ile ile, mstari wa chini umekatwa kwa rula. Akaninong'oneza, weka sahihi, Mama Kulwa, yaishe, mbona kazi umebaki nayo? Ni kweli, kazi nilibaki nayo, na watoto walikula. Mwingine angeweka sahihi. Na hata mimi nataka mjue kwamba sikuwa nataka nisilaumiwe. Kosa lilikuwepo. Nilimwambia mtu jambo kwa uhakika bila kulipima, na mashine ikaaibika mbele ya watu. Mkinilaumu kwa hilo nitainamisha kichwa. Lakini wao waliona heri waniandikie kosa la mikono ambalo sikulitenda kuliko kosa la kichwa nililolitenda, kwa sababu kichwa cha mfagizi hakina mahali kwenye faili.

Nikamwomba Anastazia kalamu. Chini ya barua, pale pa sahihi, nikaandika kwa herufi zangu kubwa, zikapanda mpaka kwenye maneno ya chapa:

SIKUMWAGA MAJI. NILISEMA KULA NI LAZIMA. KWENYE CHESI SI LAZIMA. HILO NDILO KOSA LANGU. LEOKADIA NYANJIGE LUFUNGA.

Bwana Magesa aliisoma amesimama. Akasema haina maana yoyote. Nikamwambia haina maana kwako. Akaitazama ile namba ya rejista, akapiga hesabu ya usumbufu wa kupiga chapa nyingine, akaitia kwenye faili.

Iko humo mpaka leo. Ninyi mnaobaki ndio mna funguo za kabati. Mkifungua jalada langu mtakuta karatasi moja yenye maandishi ya aina mbili. Ya chapa yanasema mama mmoja alikuwa mzembe wa tambara. Yaacheni. Someni ya kalamu, hapo chini, yanayosema alikosea kwa kufikiri, kama anavyokosea mwalimu yeyote.